Koki Niliyoifunga Mgongoni mwa Kilima

Nina mwezi wa pili tangu nistaafu, na mwili bado haujapewa taarifa. Juzi jirani yangu hapa Sumbawanga alifunga bomba lake la jikoni kwa haraka, ukuta ukalia "ku!" kama umepigwa ngumi, nami nikaacha chai mezani nikaenda kumbishia hodi. Alidhani nimekuja kuomba chumvi. Nikamwambia, "Fungua, halafu funga tena. Funga vilevile kama ulivyofunga sasa hivi." Akafunga, likagonga tena, nikacheka mpaka akamwita mumewe aje anione. Ninyi mlioniomba niwaandikie mambo ya kazi, anzieni hapo. Maji yalikuwa yanakwenda mbio, yakazuiwa ghafla, na ile mbio yao haikuwa na pa kwenda isipokuwa kwenye bomba. Wahandisi wanaita wota hama. Sisi wa zamu tuliita kishindo, na mimi kishindo kimenisomesha, kimenilowesha na kimeniaibisha.

Habari za vyeo sitaziandika. Vilikuja vilivyokuja, na kimoja nilitangaziwa nikiwa shimoni nafunga boliti, sikusikia hata waliposema ni cheo gani.

Nilianzia kwenye kituo kidogo cha chemchemi upande wa Mollo, ambako ndiko kwetu. Wazazi wangu walikuwa wakulima wa mahindi na ulezi, na mama aliposikia nimepata kazi ya maji alijua nitakuwa karani wa kuandika ofisini, akaninunulia viatu vyeupe. Nikaenda navyo. Fundi mkuu, Mzee Kasiano, alivitazama kwa huruma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Hivyo viatu umeshaviaga?"

Kufika saa sita mchana vilikuwa vyeusi kwa grisi. Hata hivyo siku ile sikuvijutia, maana nilikuwa nimeona pampu ya pistoni ikifanya kazi kwa mara ya kwanza. Injini ya dizeli inavuta mkanda, mkanda unazungusha gurudumu, pistoni inakwenda na kurudi, na kila inapokwenda inasukuma maji kwa pigo moja. Tu, tu, tu. Nilisimama pale mdomo wazi. Juu ya bomba la kutokea palisimama chupa kubwa ya chuma, ndefu kunizidi, isiyo na kazi yoyote niliyoweza kuiona. Nikauliza inafanya nini. Mzee Kasiano alikwenda kwenye baiskeli yake akarudi na pampu ya kujazia upepo.

"Ziba tundu kwa kidole. Sukuma."

Nikasukuma. Mpini ukaingia kidogo, ukanirudisha. Akaivuta pampu ileile ndani ya ndoo mpaka ikajaa maji, akaziba tundu yeye mwenyewe.

"Haya, sukuma sasa."

Nilisukuma kwa mikono miwili, nikasukuma kwa kifua. Ilikuwa sawa na kusukuma mlango wa kanisa uliofungwa kwa ndani.

"Umeona? Maji hayabonyei," akasema. "Hewa inabonyea. Ile chupa nusu yake ni hewa. Pistoni ikipiga, hewa inapokea pigo, halafu inalirudisha taratibu, na bomba linapata maji yaliyotulia. Bila hewa, kila pigo linalipata bomba lenyewe."

Nimepita kozi nyingi baada ya hapo, zenye picha za rangi. Hakuna iliyoniongezea kitu juu ya pampu ile ya baiskeli.

Jambo la pili alilonifundisha ni kwamba maji huila ile hewa kidogo kidogo. Kwa hiyo kila Jumatatu tulisimamisha pampu, tukaikausha chupa ili hewa iingie upya, ndipo tukawasha. Mwezi wangu wa pili Mzee Kasiano alikwenda msibani Nkasi, na mimi nikasahau Jumatatu moja, halafu nikasahau ya pili. Wiki ya tatu mshale wa geji ya kupimia msukumo wa maji ulianza kutetemeka mpaka ukawa hauonekani, unaona ukungu tu. Bomba likaanza kuchezacheza, nati za flanji, pale mabomba yanapoungana, zikalegea, gasketi ya mpira iliyoziba hapo ikapasuka, na maji yakamrukia Mzee Kasiano usoni asubuhi ileile aliyorudi. Mimi nilikuwa napiga makofi. Sikukusudia utovu wa adabu, jamani, nilikuwa nimeiona! Kitu alichonieleza kwa pampu ya baiskeli nilikiona kwa macho yangu, kwa ukubwa wa nyumba.

"Unafurahia nini wewe, na umeshatulowesha?" akaniuliza.

Akanituma gereji wanakolala madereva wa malori ya mpakani Kasesya nikaombe tyubu iliyochakaa, na gasketi mpya tuliikata pale kwa kisu. Kwa wale wanaosubiri vipuri kutoka Dar es Salaam hadi kutu inaingia, kumbukeni tyubu ya lori.

Alinifundisha pia kusikiliza. Yeye alitumia mwiko wa ugali, kichwa cha mwiko kwenye pampu, mpini sikioni. Beringi inayoanza kuchoka inasaga kama mchanga kwenye dagaa, na valvu isiyokaa vizuri inapiga mara mbili. Mke wake alilalamika miaka yote kwamba mwiko wa nyumbani unanuka dizeli. Nimetumia vifaa vya kisasa vyenye betri, ni vizuri, lakini betri huisha.

Mzee Kasiano alipostaafu mimi nilihamishiwa kituo kipya cha umeme, kule bondeni. Hii ilikuwa pampu ya kuzunguka, yenye mota, haina tu-tu-tu. Inatiririsha maji yametulia kama uji wa ulezi kutoka chunguni, nami nikadhani mambo ya mapigo nimeyaacha kwa pistoni. Bomba lilitoka kituoni, likapanda hadi mgongoni mwa kilima, likashuka kidogo upande wa pili na kuingia kwenye tangi la vijiji vitatu. Pale juu mgongoni palikuwa na valvu ya hewa, kichuma cha ukubwa wa sufuria, na chini yake koki ndogo ya kuifungia wakati wa matengenezo. Kazi ya valvu hiyo niliijua: unapojaza bomba, inatoa hewa. Ndivyo nilivyojua, na nusu ya ujuzi ule ndiyo iliyotaka kumfukuza mtu kwake.

Mtu huyo ni Mama Minza, mjane aliyehamia kwetu na watoto wake na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga. Zizi lake lilikuwa karibu na mgongo ule. Mpira wa ndani wa valvu ulikuwa umechakaa, kwa hiyo ilikuwa ikitema maji, pakatokea dimbwi, na ng'ombe wake wakalipenda. Wenyeji hawakulipenda. Mwenyekiti wa kamati ya maji, Bwana Fidelisi, alinijia na malalamiko.

"Fundi, sisi tunapanga foleni kwenye bomba, ng'ombe wa wageni wanakunywa bila foleni. Ni haki hiyo?"

Dawa ilikuwa kubadili mpira, kazi ya nusu saa. Mpira sikuwa nao. Koki ilikuwepo. Nikapanda na spana, nikaizungusha mpaka mwisho, valvu ikanyamaza. Nilijiambia kwamba bomba limeshajaa, hewa yote imetoka miezi iliyopita, hii valvu inafanya nini tena hapa? Wakati nafuta mikono Mama Minza akatokea na fimbo yake, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, fundi. Umeyafunga?"

"Nimeyafunga, mayu," nikamjibu, nikimwita mama kwa lugha yake. "Ni maji ya kijiji."

Akalitazama dimbwi, akawatazama ng'ombe. "Haya. Fungeni. Tutaona kama yatawafikia."

Maneno ya mtu aliyeudhika tu. Mimi mwenyewe nimesema mabaya zaidi kwa fundi wa redio. Lakini wanawake wawili waliokuwa wanakata kuni waliyasikia, na kufika jioni yalikuwa yamefika kwenye kilabu cha pombe.

Wiki ya pili mvua zikaanza. Ninyi mnazijua mvua za uwanda wetu, zinavyokuja na ngurumo kwanza kama malori matupu kwenye barabara mbovu. Radi ikapiga, umeme ukakatika, kukawa kimya kidogo, halafu bomba kwenye kona ya chini ya kituo likapasuka kwa mlio uliowatoa watu majumbani. Tukaliunganisha. Siku tano baadaye, radi, umeme kukatika, kimya, kishindo, bomba likapasuka tena. Mara ya tatu mambo yakawa vilevile, na hapo watu hawakuhitaji tena fundi. Radi ikipiga, bomba linapasuka, na kuna mtu aliyesema maji hayatafika. Lisemwalo lipo. Radi ile ni ya kutumwa, wakasema, na aliyeituma anajulikana.

Watu wa mbali wakisikia jina la mji wetu huwa wanatuuliza maswali ya uchawi huku wanasogeza viti, nasi tunacheka. Mwaka ule sikucheka. Mchana kweupe kuna mtu aliuchoma ua wa zizi la Mama Minza. Kijiji kikakaa, kikaamua kwamba Jumatatu saa nne awe ameondoka, na kama hataki ataondolewa. Mama Minza akawapeleka watoto wake porini pamoja na ng'ombe, hakutaka walale ndani ya nyumba ya nyasi ambayo mtu mwingine angeweza kuiwasha.

Mimi uchawi haukuniingia akilini. Nilichukia tu kwamba bomba langu linapasuka na sijui kwa nini. Ijumaa asubuhi nikapanda bodaboda mpaka Mollo kwa Mzee Kasiano. Nilimkuta shambani anafukia nyasi kwenye matuta, akanipa jembe la pili kabla hajanipa salamu. Nikamweleza huku nalima.

"Linapasuka pampu ikiwaka au ikizimika?"

"Ikizimika. Umeme ukikatika."

"Basi radi inapiga umeme. Bomba haijaligusa."

"Hilo naliona, mzee. Lakini ule umeme umekatika miaka yote na bomba halikupasuka."

Akafukia tuta zima. Halafu akauliza, "Kule mgongoni linapumulia wapi?"

Jembe lilinisimama mkononi. Nilimuaga kwa heshima, natumaini, maana sikumbuki. Njia nzima mpaka bondeni niliiona picha yote. Mota inakatika, lakini maji yaliyokwisha kuvuka mgongo yanaendelea kuteremkia tangini, na yale ya upande wa kituo yanarudi chini. Pale juu maji yanaachana, bomba linabaki tupu katikati, na valvu ya hewa ipo hasa ili kuingiza hewa wakati huo. Inatoa, na inaingiza! Ukiifunga, panabaki utupu, na utupu unayavuta maji ya pande zote mbili yarudi kwa kasi yakutane. Yakikutana hayabonyei. Pigo linashuka bomba zima hadi kwenye kona ya chini.

Nikaipunguza valvu kubwa ya kituoni mpaka robo, ili maji yaende polepole na kishindo kiwe kidogo, nikawasha pampu, nikakaa na geji. Nikazima. Mshale ukaanguka hadi sifuri, ukakaa hapo. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne. Ukaruka! Ukaruka ukaipita alama nyekundu, na bomba likalia du! Sijawahi kufurahi hivyo kazini, na niseme ukweli wangu wote hapa: moyo ulidunda kwa furaha kwanza, aibu ilikuja baadaye. Nilikimbia kupanda kilima kama msichana, nikaifungua koki, nikarudi, nikawasha, nikazima. Kule juu valvu ikavuta pumzi, nilisimuliwa na wachunga mbuzi waliokuwa karibu, na mshale wa geji ukashuka polepole ukatulia. Kishindo hakikuwepo.

Ilinipasa niende kwa mwenyekiti saa ileile. Sikwenda. Nilikaa kwenye kiti cha zamu nikajiambia kwamba koki imeshafunguliwa, bomba halitapasuka tena, na hakuna atakayejua ni nani aliyeifunga. Mwanamke fundi mmoja katika kituo kizima, mkisikia kosa lake mtasema nini? Ijumaa ikapita. Jumamosi ikapita. Jumapili nilikwenda misa, nikaimba nyimbo zote kwa sauti, na katekista alinisifu.

Jumatatu asubuhi nikawaona watu wanapanda kuelekea kwa Mama Minza, wengine na mapanga, na miguu yangu ikakataa kukaa. Nikamkimbilia Bwana Fidelisi.

"Mwenyekiti, nipe saa moja. Walete wote kituoni. Na yeye aje."

"Saa moja ya nini, fundi?"

"Nitawapigia radi."

Walikuja, kwa udadisi tu. Mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna wingu hata la kufutia uso. Mama Minza alisimama pembeni peke yake na fimbo yake, na kati yake na watu paliachwa nafasi ya kupita mkokoteni. Mwenzangu wa zamu, Desideri, alishapanda mgongoni kwa pikipiki na simu mkononi. Nikamwambia afunge koki. Nikaibana valvu kubwa hadi robo kama siku ile, nikawasha, nikaacha maji yakimbie.

"Mnaona wingu?"

"Hakuna."

"Mmesikia radi?"

"Hakuna, fundi."

"Mama Minza amesogea? Amesema neno?"

Wakatikisa vichwa. Nikazima swichi. Wakanitazama kama mtu aliyesahau sala katikati. Nikahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, na kishindo kikaja, du! Sakafu ikatikisika, na mzee mmoja mwenye panga akaliangusha. Watu wakatoka nje mbio wakitazama juu. Juu palikuwa na jua tu. Loo, nilikuwa natetemeka kwa raha! Nikapiga simu. "Desi, fungua." Nikawasha, nikaacha yakimbie, nikazima tena. Tukahesabu wote pamoja, watoto kwa wazee, moja hadi kumi. Hakuna kitu. Wakaanza kucheka. Mmoja akaomba nirudie, nikarudia, na wa tatu akaomba azime yeye mwenyewe.

Bwana Fidelisi hakucheka. Ni mtu anayefikiri. "Kwa hiyo ni ile koki ya juu. Nani aliifunga?"

"Mimi."

Nikawaeleza yote, kuanzia spana. Mwenyekiti alivua kofia, akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyeniletea malalamiko, akaivaa tena.

Niseme ya kiufundi yote hapa ili niyamalize. Mpira wa valvu tuliubadilisha wiki ileile. Bwana Fidelisi na wenzake walijenga mbauti, birika la kunyweshea ng'ombe, yenye koki yake, na zizi walilizungushia ua upya wao wenyewe kwa mikono yao. Kituoni tuliweka chupa ya hewa, dada wa ile ya Mollo, na valvu kubwa tukaiandikia kwa rangi nyekundu idadi ya mizunguko na dakika za kuifunga. Ukiona fundi anafunga valvu kwa mkupuo kwa sababu anawahi chakula, mnyang'anye spana. Mimi nilipewa barua ya onyo, nimeitunza mpaka leo, imeandikwa Kiswahili kizuri.

Lakini asubuhi ile, watu walipokuwa wanampitia Mama Minza mmoja mmoja kumpa mkono, yeye aliwaitikia wote, halafu akaja mpaka niliposimama mimi. Nikaanza kuomba radhi. Akanyanyua fimbo kidogo kunikatiza.

"Mimi nilijua toka mwanzo kwamba sikufanya," akasema. "Wewe ulijua lini?"

Ningeweza kumdanganya kwamba nimejua asubuhi ile. Hakuna aliyekuwa na ushahidi.

"Ijumaa," nikasema.

Akahesabu kwa vidole, polepole, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Vidole vitatu vikabaki vimesimama mbele ya uso wangu.

"Watoto wangu wamelala porini siku hizo, fundi. Na mvua ilinyesha Jumamosi."

Akavikunja vidole, akageuka, akaanza kuelekea kwenye njia ya kilimani. Alipoona sijamfuata akasimama.

"Njoo unionyeshe hiyo koki inavyofungwa na inavyofunguliwa," akasema. "Siku ukiifunga tena, nijue siku hiyohiyo."